Je, wajua kwa nini watoto wa Heimaey huokota ndege mitaani usiku?

Kila mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, watoto wa Heimaey, kisiwa kidogo kusini mwa Iceland, hupata ruhusa ambayo wenzao wengi wataionea wivu: kukaa nje mpaka usiku mkubwa. Huzunguka na tochi na maboksi, wakichungulia chini ya magari na nyuma ya maghala ya bandarini. Wanasaka makinda ya pafini, ndege wa baharini mwenye mgongo mweusi, tumbo jeupe na mdomo wa rangi za kung'aa. Kinda bado hana urembo huo. Mdomo wake ni mwembamba na wa kijivujivu.

Sasa ndege wa baharini anatafuta nini kwenye maegesho ya magari?

Pafini hutaga yai moja tu, ndani ya shimo kwenye miteremko ya majabali. Kinda hukaa humo takriban wiki sita, wazazi wakimletea samaki wadogo. Akishaota manyoya ya kurukia hutoka peke yake, bila mzazi wa kumwonyesha njia. Hutoka usiku, maana mchana shakwe wanamvizia. Huelekea penye mwanga, na tangu zamani hilo halikumpoteza: katika giza la kisiwa, palipong'aa ni baharini, maji yakiakisi mwezi na nyota.

Hapo ndipo majira yanapoingia. Mwezi Juni usiku wa Heimaey hauna giza. Jua huzama karibu na saa sita usiku na weupe wake haupotei angani. Taa ya barabarani haimbabaishi yeyote. Kufikia mwisho wa Agosti giza limesharudi, na ndio wakati makinda wanaondoka. Giza lilelile linalowaficha wasionwe na shakwe ndilo linaloipa taa ya mji nguvu. Na mji wenyewe uko bandarini, majabali yenye mashimo ya pafini yakiwa karibu tu. Wakazi wa pwani yetu, kuanzia Watamu hadi Mafia, wanaijua shida hii kwa vitoto vya kasa, ambavyo taa za ufukweni huvivuta kuelekea nchi kavu.

Akishatua kwenye lami, kinda amekwama. Mabawa ya pafini ni mafupi, yanafaa sana kwa kuogelea chini ya maji, lakini hewani hata ndege mzima hulazimika kuyapiga mpaka mara 400 kwa dakika. Kupaa kutoka ardhi tambarare ni kazi ngumu mno kwa mgeni wa kuruka. Basi hukimbilia pembeni na kujibanza, paka na magari yakimsubiri.

Anayeokotwa hulala kwenye boksi, asubuhi akapimwa uzito. Vipimo hivyo vina maana kubwa, kwani kinda mwepesi ni dalili kwamba bahari ilikuwa na njaa. Kuanzia mwaka 2005 samaki wembamba wanaolishwa makinda walipungua sana kusini mwa Iceland, na kwa misimu kadhaa watoto walizunguka na maboksi matupu. Miaka mizuri huokotwa maelfu. Tusiwafanye malaika, lakini: wakazi wa visiwa hivi wamekula nyama ya pafini kwa vizazi, na wapo wanaoila hadi leo.

Kumwachia hufanyika mchana, taa zikiwa hazina mvuto. Mtoto humshika kwa mikono miwili ukingoni mwa jabali, humbembeza kutoka chini, kisha humrusha juu kuelekea baharini mpaka upepo umpokee. Akifika majini huenda asikanyage nchi kavu tena kwa miaka miwili au mitatu. Aliyedondokea bandarini akapakaa mafuta harushwi, kwa kuwa manyoya yake hayazuii maji tena na baridi itamuua. Huyo huoshwa na kutunzwa kwanza.