Nyumba ndogo isiyo na nguzo wala bomba: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu serikali ihamie Dodoma, mashamba na viwanja vya pembezoni, kuelekea Chamwino, Bahi na Kongwa, vimekuwa vikinunuliwa kwa kasi. Vingi havina umeme wala maji. Mnunuzi anataka nyumba ya vyumba viwili ijitegemee kwa jua na mvua, na swali lake la kwanza ni "Sola ya wati ngapi itanitosha?" Kwa Dodoma, hilo ndilo swali jepesi kuliko yote.

"Dodoma ni kame, maji ya mvua hayawezi kutosha nyumba"

Mvua ya Dodoma ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu yote kuanzia Desemba hadi Aprili. Sasa shika kalamu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 8, paa likichomoza sentimita 70 kila upande, ina paa la karibu mita za mraba 70. Kwa milimita 500, baada ya kutoa asilimia 20 inayopotea, unavuna lita 28,000. Familia ya watu wanne wanaotumia lita 20 kila mmoja inahitaji lita 80 kwa siku, yaani lita 29,200 kwa mwaka. Inakaribia kutosha, kwa kubana.

Tatizo liko kwenye kuhifadhi. Kuanzia Mei hadi Novemba hutegemei tone, na miezi hiyo saba inakula lita 17,000. Simtanki la lita 2,000, ambalo ndilo wengi hununua, linaisha siku ya ishirini na tano. Kwa hiyo tenga eneo na hela za matangi, au tangi la chini la zege, kabla hujachora sebule.

Na usiruhusu mvua ya kwanza iingie tangini. Miezi saba ya vumbi na vinyesi vya ndege inasubiri juu ya bati. Mwambie fundi ashushe bomba la inchi 4 lililosimama wima kabla ya njia ya kuingia tangini, mita 3 hivi, chini aliwekee kifuniko chenye tundu dogo. Linabeba takriban lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo lita 24 za mwanzo, zile chafu, zinabaki humo na kuchuruzika polepole nje. Bomba likijaa, maji safi ndiyo yanayoendelea kwenda tangini. Gharama yake ni ndogo, ila mafundi wengi hawaliweki mpaka uwaambie.

Wapo watakaokuambia uchimbe kisima umalize kazi. Kabla hujalipa mtambo, fanya upimaji wa kitaalamu: sehemu nyingi za huku maji ya chini yana chumvi, na ukielekea Singida na Manyara madini ya floraidi ni tatizo linalojulikana.

"Sola ikiwa kubwa, unatumia kila kitu"

Orodhesha vyombo kwanza. Taa tano za wati 6, saa tano kila usiku: wati-saa 150. Televisheni ya wati 30 kwa saa nne: 120. Simu na redio: tuseme 60. Jumla 330. Paneli ya wati 150, kwa saa tano za jua kali na baada ya kupungua njiani, inakupa kama 500. Imebaki chenji.

Halafu mtu anachomeka pasi. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni wati-saa 500, zaidi ya matumizi ya nyumba nzima kwa siku. Birika la umeme ni ndugu yake. Nyumba hizi hufa kwa vyombo vya joto, kisha lawama zinakwenda kwa muuza paneli.

Betri nayo ina hadithi zake. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiishusha chini kila usiku, itakufa mapema. Hata betri ya asidi ya sola, ile ya volti 12 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,200, hesabu nusu yake tu, kama wati-saa 600. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo unaweza kutumia asilimia 80. Bei yake inauma siku ya kununua, lakini inadumu zaidi.

Jingine: paneli haitaki joto, inataka mwanga. Ikipata moto inapoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Usiilaze juu ya bati. Acha shubiri moja hewa ipite. Ielekeze kaskazini, mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15 ili vumbi liteleze. Video zinazosema kusini zimetengenezwa Ulaya.

"Nyumba ya udongo ni ya kimaskini"

Wagogo walijenga tembe, nyumba za paa bapa la udongo, kwa kuta nene za udongo kwa sababu mchana huku ni moto na usiku ni baridi. Ukuta wa namna hiyo unachelewesha joto kuingia ndani. Adui wa udongo ni maji, basi. Msingi wa mawe uliopanda sentimita 40 juu ya ardhi na paa lililochomoza vizuri vinamaliza ugomvi huo. Tofali za kufungamana, zilizohamasishwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, zinashindiliwa kwa mashine kwa udongo na saruji kidogo, bila kuchomwa, kwa hiyo hakuna magogo yanayoteketea.

Mimi ningechukua ukuta wa tembe na kuliacha paa lake. Paa la udongo halivuni maji safi, na hapa bati ndiyo kisima chako. Chini yake weka silingi, na matundu ya kutolea hewa ya moto.

"Ukiwa na ng'ombe, biogesi itapika"

Biogesi ni gesi inayotoka kwenye kinyesi cha mifugo, na kinyesi hicho huchanganywa na maji kwa kiasi sawa. Ndoo mbili za kinyesi kwa siku zinataka ndoo mbili za maji, lita 40, nusu ya mgao wa familia. Kwa Rungwe, kwenye mvua nyingi, nakubali. Kwa Bahi, nunua mtungi wa gesi.

"Kujitegemea ni rahisi kuliko kuvuta umeme"

Inategemea nguzo iko wapi. Vijijini kuunganishwa kupitia mradi wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ni shilingi 27,000, hela ambayo hainunui hata betri moja ya maana. Kama nguzo imeshafika mpakani mwa shamba lako, vuta umeme, na bajeti ya betri iongeze kwenye tangi la pili.