Je, wajua kwa nini kwenye modeli ya ndege ya 1917 propela hugandishwa kwenye injini?

Fungua boksi la modeli ya plastiki ya Sopwith Camel au Fokker Dr.I, ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa kipimo cha 1:32. Maana yake milimita moja ya modeli ni milimita 32 za ndege halisi. Kati ya vipande vyote kuna injini ya silinda tisa yenye upana wa kama sentimita tatu, na hapo ndipo wengi hukosea. Anayeanza kazi hii huipaka rangi, huigandisha imara puani mwa ndege, kisha huchomeka propela kwenye kijiti chake bila gundi ili ukiipuliza izunguke. Propela inazunguka, silinda zimetulia nyuma yake, picha inapigwa. Imependeza, ila ni kinyume kabisa.

Kwenye ndege yenyewe propela ilifungwa kwa bolti kwenye injini, na injini nzima ikazunguka nayo: silinda, plagi, mabomba, valvu, vyote, mara 1,200 hivi kwa dakika. Kilichotulia ni krankshafti, yaani mhimili ambao mikono ya pistoni imeushika, iliyokazwa kwenye fremu ya ndege isisogee. Fundi wa bodaboda akiambiwa hivyo atadhani umeteleza ulimi, maana kwenye kila injini aliyowahi kuifungua kranki ndiyo huzunguka na silinda ndiyo hukaa.

Kosa hili halitokani na uzembe. Injini ya aina hii, ikiwa imezimwa, haina tofauti kubwa kwa macho na injini nyingine maarufu zaidi ambayo silinda zake pia zimepangwa kama miale ya jua lakini hazizunguki. Hiyo ya pili ndiyo iliyodumu. Ndiyo iliyokuwa kwenye DC-3, ndege ambayo hata East African Airways iliirusha, na ndiyo watu wengi wamewahi kuisikia ikinguruma. Kwa hiyo mtu akiona silinda zimezunguka kitovu, akili inakimbilia DC-3. Picha za zamani nazo hazisaidii, kwa kuwa nyingi zilipigwa ndege ikiwa imesimama na rubani ameegemea bawa. Na kuna lile wazo la kawaida kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayechukua kilo mia moja na zaidi za chuma cha moto, chenye petroli inayolipuka ndani, akaizungusha mbele ya uso wa rubani. Waliizungusha. Kwa miaka kadhaa ilikuwa njia bora kuliko zote.

Ukitaka kuzitofautisha bila kuuliza mtu, tafuta ekzosi. Injini iliyotulia huwa na mabomba yanayokusanya moshi na kuupeleka pembeni. Inayozunguka haina, kwa sababu bomba lililotulia ungelifungaje kwenye silinda inayokimbia? Valvu ya kutolea moshi hufunguka hewani moja kwa moja, na kazi ya kuelekeza uchafu inabaki kwa kava la bati linaloizunguka injini.

Sasa, kwa nini izunguke? Jibu linalotolewa haraka ni kupoza. Si uongo: ndege za mwanzo zilikwenda polepole, upepo wa mbele haukutosha, na silinda zinazokimbia hewani hujipatia upepo wake zenyewe. Lakini jibu hilo limepewa sifa kuliko linavyostahili. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mtikisiko na uzito. Injini za wakati huo ziliruka kwa vishindo, na ili kuzituliza ulihitaji flaiwili, gurudumu zito la chuma ambalo kazi yake ni kuendelea kuzunguka kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Kwenye gari si neno. Kwenye ndege ya mbao na kitambaa, flaiwili ni abiria asiyelipa nauli.

Ndugu wawili Wafaransa, Louis na Laurent Seguin, walilipatia jibu mwaka 1908 kwa injini yao ya Gnome Omega: injini yenyewe iwe flaiwili. Silinda saba zilichongwa kutoka chuma kigumu hadi ukuta ukabaki kama milimita 1.5, na zote zikafanywa zizunguke. Ikatoa nguvu ya farasi 50 kwa uzito wa karibu kilo 75. Agosti 1909, kwenye mashindano ya Reims, ndege ya rubani Henri Farman ilifungwa Gnome, naye akaruka kilomita 180 bila kutua. Kuanzia hapo oda hazikukoma.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi, ambalo hata waliojenga modeli nyingi huwapita. Tumezoea kusema pistoni hupanda na kushuka. Humu haifanyi hivyo.

Fikiria zizi la duara. Ndani yake kuna mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi, lakini kigingi hakikupigwa katikati ya zizi. Kimesogezwa hatua chache upande mmoja. Mbuzi anatembea kamba ikiwa imenyooka, anazunguka kigingi. Njia yake ni duara kamili, haendi mbele wala harudi nyuma. Hata hivyo, upande ule ambao kigingi kimeegemea, pembe zake zinakaribia kugusa ua. Upande wa pili kuna nafasi tele kati yake na ua. Hakuna aliyemvuta wala aliyemsukuma. Nafasi imepungua na kuongezeka kwa sababu tu duara la mbuzi na duara la ua hazina kitovu kimoja. Sasa uzungushe na ua wenyewe, uende sambamba na mbuzi, kila mbuzi na kipande chake cha ua mbele yake. Mbuzi ni pistoni, kamba ni mkono wa pistoni, ua ni vichwa vya silinda, na kigingi ni kile kiungo cha krankshafti kilichokazwa kwenye fremu. Ile nafasi inayobanwa upande mmoja na kufunguka upande wa pili ndimo petroli inamobanwa na kulipuka.

Ndiyo maana injini hizi zilizunguka kwa ulaini uliowashangaza watu wa enzi zake. Kwenye injini ya kawaida pistoni husimama na kugeuza mara mbili kila mzunguko, na kila kugeuza ni kishindo. Humu hakuna kinachosimama. Tusizidishe chumvi, lakini: mwendo wa pistoni kwenye duara lake hauko sawasawa kila mahali, huongezeka na kupungua kidogo, na kwenye Gnome mikono mingi ya pistoni imeshikizwa pembeni mwa mkono mmoja mkuu, kwa hiyo duara zake si kamili kihivyo. Le Rhône, injini nyingine ya aina hii, ilikaribia zaidi, kwa kuwa mikono yake huteleza kwenye mifereji iliyozunguka kiungo kilekile kimoja.

Kigingi kimesogea kiasi gani? Nusu ya safari ya pistoni. Kwenye Le Rhône 9C ya nguvu ya farasi 80 safari hiyo ni milimita 140, basi ni milimita 70. Kwenye modeli ya 1:32 inabaki kama milimita mbili tu, na imefichwa ndani. Wanaojenga kwa shaba na chuma kwa kipimo cha 1:8 hupata karibu milimita tisa, na baadhi hukata silinda moja ubavu ili tofauti hiyo ionekane. Naona ndiyo kazi yenye thamani kuliko rangi zote.

Turudi mezani. Mstari wa gundi unapita wapi? Propela, kasha la kranki lenye silinda, mabomba na nyaya ni kundi moja, gandisha pamoja. Magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche), pampu ya mafuta na kabureta ni kundi la pili. Haya yalikaa nyuma, upande wa rubani, hayakuzunguka. Mchanganyiko wa petroli na hewa ulipita ndani ya krankshafti yenye tundu hadi kwenye kasha. Kati ya makundi hayo mawili weka kipande cha bomba jembamba la shaba na sindano ya kushonea ndani yake. Ukipuliza, vyote vya mbele vizunguke pamoja.

Nyaya za plagi zilikuwa waya wa shaba ya njano, bila ganda la mpira, kutoka kwenye bamba la nyuma ya silinda hadi plagi. Waya wa nywele, ule unaochomolewa kwenye kebo kuukuu za simu, unatosha. Uvute kwanza kwa koleo ili unyooke, kisha ukate kwa wembe. Kila silinda ilipopita mbele ya brashi moja ya kaboni isiyosogea ilipata cheche, lakini mzunguko mmoja ndiyo mwingine sivyo. Mpangilio ukawa 1, 3, 5, 7, 9, 2, 4, 6, 8, na ndiyo sababu idadi ya silinda ni tisa au saba, si nane: namba shufwa ingevunja mfuatano huo wa kuruka moja.

Mabomba ya shaba, ya kuingizia mchanganyiko, yasiwekwe popote tu. Le Rhône inayo, ya farasi 80 yakiungana na kasha kwa mbele, ya farasi 110 kwa nyuma, na kila silinda ina ufito mmoja tu unaosukuma kufungua valvu ya moshi na kuvuta kufungua ya kuingizia. Clerget, nayo injini ya aina hii, ina fito mbili kwa silinda. Gnome Monosoupape haina bomba la kuingizia kabisa, kwani mchanganyiko uliingia kupitia matundu chini ya silinda, na kichwani ina valvu moja. Hii ya mwisho ilifika hata kwetu: Februari 1915 Waingereza walileta Sopwith mbili za kutua majini, zenye Monosoupape za farasi 100, kisiwani Nyororo karibu na Mafia, kuisaka meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha delta ya Rufiji. Joto la pwani lilizishinda.

Doa nalo lina rangi yake. Wengi hupaka masizi meusi, lakini kilainishi kilikuwa mafuta ya nyonyo, kwa sababu petroli iliyopita ndani ya kasha ingeyayeyusha mafuta ya kawaida na kuyaosha, ilhali ya nyonyo hayayeyuki kwa urahisi ndani yake. Yalitumika mara moja, yakarushwa nje. Yakiiva kwenye chuma cha moto huacha utando wa rangi ya asali, unaong'aa. Paka hudhurungi nyepesi iliyozimuliwa sana, zaidi chini ya kava na tumbo la ndege. Simulizi za marubani kuharishwa na moshi huo zichukulie kama simulizi, hazihitaji rangi.

Bei ya mtindo huu ilikuja na mwendo. Silinda zinazokata hewa hula nguvu, na nguvu hiyo hupanda kwa kasi kubwa kuliko mizunguko yenyewe, kwa hiyo ukizungusha zaidi unapoteza zaidi. Wajerumani wa Siemens-Halske walijaribu kukwepa mtego kwa injini ya Sh.III: silinda 11 na propela zikaenda upande mmoja mara 900 kwa dakika, na krankshafti, kwa msaada wa gia, ikaenda upande wa pili mara 900. Pistoni ikaona 1,800. Hewa ikaona 900. Anayejenga modeli ya Siemens-Schuckert D.III bado atagandisha propela kwenye silinda, ila kigingi chake sasa nacho kinazunguka, na kwa kipimo cha 1:32 kuweka gia hizo ndani ni kazi ya mtengeneza saa.