Montreal Canadiens: fainali 2021, kushika mkia 2022, na maneno ya uongo yaliyobaki katikati

Hapa Montreal kinyozi wangu ni Mkongo wa Bukavu na anaipenda Canadiens kuliko wengi waliozaliwa hapahapa, kwahiyo kwenye kile kiti chake hoki ya barafu inajadiliwa kama vile sisi nyumbani tunavyojadili Simba na Yanga. Na kila nikienda lazima mtu afufue habari ya msimu wa 2021-22, na akiifufua anaifufua vibaya. Timu imecheza fainali ya Kombe la Stanley Julai 2021, haijafika hata mwaka imemaliza ya 32 kwenye ligi yenye timu 32. Pointi 55, imeshinda mechi 22, imepoteza 49 ndani ya dakika za kawaida na nyingine 11 baada ya muda wa kawaida kuisha, imefungwa magoli 319. Klabu yenye makombe 24, nyingi kuliko timu yoyote ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, haijawahi kupoteza mechi 49 namna ile kwenye historia yake. Inauma na mimi iliniuma. Ila mengi yanayosemwa kuhusu huo msimu si kweli, na mengine yamemuumiza mtu ambaye hakustahili, yule kipa Carey Price, nitafika kwake.

"Walikuwa timu kubwa, wakaanguka ghafla"

Hili ndo linarudiwa kuliko yote na ndo la uongo kuliko yote. Rudi kaangalie msimamo wa 2020-21. Ule msimu ulikuwa mfupi, mechi 56 badala ya 82, na sababu ya korona mpaka wa Kanada na Marekani ulifungwa, ikabidi timu saba zote za Kanada ziwekwe kundi moja zikutane zenyewe kwa zenyewe mpaka mwisho. Montreal wakashika nafasi ya nne kwenye hilo kundi wakiwa wameshinda mechi 24 tu, pointi 59. Kwenye ligi nzima walikuwa wa 18! New York Rangers walikuwa na pointi 60, Dallas Stars nao 60, na wote wawili wakabaki nyumbani wanaangalia mtoano kwenye TV sababu makundi yao yalikuwa magumu zaidi. Montreal ndo waliingia mtoano na pointi chache kuliko wote, na Februari ya mwaka huohuo walikuwa wameshamfukuza kocha Claude Julien na kumpa kazi Dominique Ducharme kwa muda.

Sasa msimu uliofuata mpaka ukafunguliwa, wakarudishwa kundi lao la zamani, na humo ndani kulikuwa na Florida Panthers waliomaliza na pointi 122 wakiongoza ligi nzima, Toronto 115, Tampa Bay 110, Boston 107. Hata kikosi kingekuwa kilekile kamili bado wangesota. Kwahiyo hawakudondoka kutoka juu ya mti, walidondoka kutoka tawi la katikati, na tofauti hiyo ni kubwa sana ukitaka kuelewa kilichotokea.

"Basi ile fainali ilikuwa bahati"

Nayo hapana, na hapa nakasirika kidogo. Walikuwa nyuma 3-1 kwa hesabu ya mechi, si magoli, dhidi ya Toronto wakageuza wakashinda 4-3. Kisha Montreal wakawafunga Winnipeg 4-0 na kwenye mechi zote nne hakuna hata dakika moja Montreal walikuwa nyuma kwa magoli. Alafu wakawatoa Vegas 4-2, goli la mwisho Artturi Lehkonen alifunga kwenye muda wa nyongeza tarehe 24 Juni, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji ambayo kwa watu wa Quebec ndo sikukuu yao kubwa, usiku ule mji mzima haukulala, mabasi, honi, watu juu ya nguzo za taa, mpaka leo nikisikia honi nyingi kwa pamoja nakumbuka.

Bahati inakupa mechi moja, ikikubeba sana mbili. Auston Matthews wa Toronto alikuwa mfungaji bora wa ligi, magoli 41, kwenye mechi saba na Montreal akapata moja. Mark Stone, nahodha wa Vegas, mechi sita hakupata hata pointi moja. Hiyo ilikuwa kazi ya senta mmoja, yaani fowadi wa katikati, anaitwa Phillip Danault ambaye yeye mwenyewe mtoano mzima alifunga goli moja tu, kazi yake ilikuwa kumganda staa wa upande wa pili mpaka staa achoke. Nyuma yake mabeki wanne wenye miili, Shea Weber, Jeff Petry, Joel Edmundson na Ben Chiarot, wanacheza karibu dakika zote. Na nyuma ya hao wote Carey Price golini.

Walikuwa wanajua wanachofanya. Shida ni kwamba nyumba nzima ilisimama kwenye nguzo chache, na Tampa walipowafunga 4-1 kwenye fainali, mechi ya mwisho ikiwa tarehe 7 Julai, zile nguzo zikaanza kutoka moja moja ndani ya kiangazi kimoja.

"Uongozi uliuza wachezaji"

Hapa watu wetu wanachanganya na soka. Kwenye hoki ya NHL hamna kuuza mchezaji kwa pesa kama Ulaya, unabadilishana mchezaji kwa mchezaji au kwa zamu ya kuchagua vijana (kila mwaka klabu zinachagua vijana wapya kwa zamu), na mkataba ukiisha na umri wa kuwa huru umefika mchezaji anaenda anakotaka na wewe hupati kitu. Danault mkataba uliisha akasaini Los Angeles Kings miaka sita, dola milioni 33. Mkongwe Corey Perry akaenda hukohuko Tampa waliowafunga. Tomas Tatar akaenda New Jersey. Hakuna aliyeuzwa.

Alafu kuna la Jesperi Kotkaniemi, hili ni refu kidogo ila ni tamu. Mwaka 2019 Montreal walimpelekea ofa ya mkataba Sebastian Aho wa Carolina Hurricanes wakijaribu kumnyakua, kanuni inaruhusu kwa vijana ambao mkataba umeisha ila klabu bado ina haki nao, klabu yake ina siku saba ilipe kiasi hichohicho au imwachie. Carolina wakalipa, wakakaa kimya. Agosti 2021 wakarudisha deni: wakampa Kotkaniemi, senta wa miaka 21 ambaye Montreal walimchagua wa tatu mwaka 2018, mkataba wa mwaka mmoja wa dola 6,100,015, na hiyo 15 ya mwisho ni namba ya jezi yake, alafu ndani yake bonasi ya kusaini dola 20, ambayo ni namba ya Aho. Montreal wakaona hela ni nyingi mno kwa kijana ambaye hajakomaa, wakaacha aende, wakapewa chaguo la raundi ya kwanza na la tatu, na kwa kubabaisha wakamchukua Christian Dvorak kutoka Arizona. Sasa hesabu: umepoteza senta wa kukaba na senta kijana kwa pamoja, na senta ndo uti wa mgongo wa timu ya hoki.

Weber ndo hakucheza tena kabisa. Kifundo cha mguu, unyayo, goti, kidole gumba, mwili ulikuwa umeisha, ule mtoano aliucheza na maumivu tupu. Nahodha hakuondoka na hakuuzwa, alivunjika.

"Kocha ndo aliharibu, ona alipofukuzwa"

Hii ina nusu ya ukweli, ndo maana haifi. Walianza msimu kwa vichapo vitano mfululizo. Novemba meneja mkuu Marc Bergevin akafukuzwa, akaja Jeff Gorton kusimamia mambo yote ya hoki na Januari Kent Hughes akawa meneja mkuu. Tarehe 9 Februari 2022 Ducharme naye akaondolewa, rekodi yake kwa msimu huo kushinda 8, kupoteza 30, na nyingine 7 kupoteza baada ya muda wa kawaida. Nafasi yake akapewa Martin St. Louis, fowadi mfupi aliyebeba kombe na Tampa mwaka 2004, yupo kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa hoki, lakini hajawahi kufundisha timu ya kulipwa hata siku moja, alikuwa anafundisha watoto wake. Watu wakacheka.

Alafu Cole Caufield akafufuka. Huyu dogo alikuwa moto kwenye mtoano wa 2021, lakini chini ya Ducharme mechi 30 alifunga goli moja, moja! mpaka akashushwa timu ya chini kule Laval. Chini ya St. Louis mechi 37 magoli 22. Mimi naamini kabisa St. Louis aliona kitu kwa yule kijana sababu wote wawili ni wafupi kwenye mchezo wa majitu, alimwambia acheze mchezo wake. Hapo wanaomlaumu Ducharme wana hoja.

Ila nusu nyingine wanaisahau. Na St. Louis timu ilishinda 14, ikapoteza 19 na 4 za nyongeza. Bado inafungwa. Kocha alibadilisha furaha ya kucheza, hakuleta mabeki wala senta. Edmundson mgongo ulimsumbua akacheza mechi 24 tu, kipa wa akiba Jake Allen naye akaumia, na Desemba korona ikawakumba tena mpaka wakacheza na Philadelphia ndani ya ukumbi mtupu bila shabiki. Hakuna kocha anayetibu hayo.

"Walifungwa makusudi ili wapate kijana bora"

Timu inayopanga kushika mkia haimpi kocha mkataba wa miaka mitatu Julai na kusaini Mike Hoffman na David Savard kiangazi hichohicho. Walitaka kushinda, wakashindwa. Ni kuanzia Februari ndo uongozi mpya ulianza kubadilisha wakongwe: Tyler Toffoli kwenda Calgary, Chiarot kwenda Florida, Lehkonen kwenda Colorado. Huyo Lehkonen aliniuma zaidi, na ndo aliyefunga goli la ubingwa Colorado walipowafunga Tampa Juni 2022, Tampa haohao.

Na kushika mkia sio kushuka daraja, NHL haina daraja la chini la kushukia, wala haikupi uhakika wa kuchagua wa kwanza maana kuna bahati nasibu. Montreal waliishinda Mei 2022. Tarehe 7 Julai, mwaka mmoja kamili tangu wafungwe ile fainali, wakiwa uwanja wao wa Bell Centre wakamchagua Juraj Slafkovský wa Slovakia wakati wengi walisubiri jina la Shane Wright. Wanaosema haijawahi kutokea timu kutoka fainali mpaka mkia wasahau pia: Carolina walicheza fainali 2002, wakashika mkia 2003, na 2006 wakabeba kombe.

"Price aliitoroka timu"

Nimeiacha ya mwisho sababu ndo iliyonifanya niandike. Wapo watu, hata kwenye kile kiti cha kinyozi, wanasema kipa wa dola milioni kumi na nusu kwa mwaka aliona jahazi linazama akaruka.

Sikilizeni jamani. Kwenye kiangazi kile Price alifanyiwa upasuaji wa goti. Kabla ya hapo alikubali mwenyewe kuondoa kinga yake kwenye mkataba ili Seattle, timu mpya iliyokuwa inachukua mchezaji mmoja kutoka kila klabu isipokuwa Vegas, iweze kumchukua akitajwa, na Montreal wapate kumlinda Allen. Mtu anayetoroka hajitoi sadaka hivyo. Seattle hawakumchukua. Tarehe 7 Oktoba, siku chache kabla ya msimu, akaingia kwenye mpango wa ligi wa kuwasaidia wachezaji, akakaa siku 30, na Novemba akatoka hadharani akasema mwenyewe kwamba alikuwa anapambana na matumizi ya vileo. Mwanaume mwenye mke na watoto watatu, kipa aliyekuwa mchezaji bora wa ligi 2015, mtu mkimya wa Ulkatcho, jamii ya wenyeji wa asili wa Kanada, kutoka kijiji cha Anahim Lake huko British Columbia, anasimama mbele ya mji mzima unaoishi kwa hoki anasema nilihitaji msaada nikauomba. Sisi kwetu wanaume wangapi wanakufa na hilo neno kooni?

Alafu lile goti likakataa. Akirudi mazoezini linavimba, anapumzika, anaanza upya, miezi inaenda. Msimu ulishakufa, timu iko mkiani, hakukuwa na kitu cha kugombania, angeweza kukaa nyumbani akapokea mshahara wake na hakuna ambaye angemuuliza. Yeye akarudi. Tarehe 15 Aprili 2022 dhidi ya New York Islanders, ukumbi wote ukasimama, wakafungwa 3-0. Akacheza tena akafungwa, na tena, na tena. Waliojua goti lake walijua anaaga. Ligi ikampa tuzo ya Bill Masterton, ile ya uvumilivu na kujitoa kwa mchezo.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa tarehe 29 Aprili. Wageni ni Florida, wale wa pointi 122. Montreal ya 32, iliyofungwa magoli zaidi ya mia tatu, ikashinda 10-2, Price akiwa golini, na hajavaa tena pedi za kipa kwenye mechi ya ligi tangu usiku ule.