Kapilari: mahali damu inapofanyia kazi yake

Mtu akitajiwa mishipa ya damu hufikiria ile mikubwa: unaodunda kwenye kifundo cha mkono, au ule anaoutafuta muuguzi anapotaka kutundika dripu. Lakini mishipa hiyo ni njia tu. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha, na kuta zake ni nene mno kwa damu kuilisha misuli au ubongo kupitia hapo. Kazi hiyo hufanyika katikati, kwenye mishipa midogo kabisa iitwayo kapilari.

Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey alieleza kwamba damu huzunguka mwilini na kurudi moyoni, ila hakuweza kuona inavyotoka kwenye ateri na kuingia kwenye vena. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia alitazama pafu la chura kwa hadubini akaziona kapilari. Kwa macho matupu hazionekani: upana wake ni kati ya mikrometa 5 na 10, na mikrometa 1,000 ndiyo milimita moja. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikrometa 7 au 8, kwa hiyo mara nyingi hujikunja ndipo ipite, na chembe hupita mojamoja kwa foleni.

Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya seli. Oksijeni huupenya ikatoka kwenye damu, penye wingi, kwenda kwenye seli za mwili, penye uchache. Kabonidioksidi hupita upande wa pili. Sukari nayo hutoka hapohapo. Yote haya yanahitaji muda, na damu hupewa muda huo. Kila kapilari ni nyembamba, lakini zikijumlishwa zote nafasi yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya aorta, ateri kuu, hivyo damu hupunguza kasi kama mto uliofika mbugani ukatapakaa. Kwenye aorta ilikuwa ikienda sentimita nyingi kwa sekunde. Hapa haifikishi hata milimita moja.

Msukumo wa damu pia huchuja maji yatoke nje ya kapilari. Protini iitwayo albumini, ambayo haipenyi ukuta kwa urahisi, huyavuta maji na kuyazuia yasitoke mengi. Yanayotoka na kubaki kati ya seli, lita kadhaa kila siku, huzolewa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye damu. Watu wa pwani yetu wanaujua ugonjwa unaotokea njia hiyo ikiharibika: matende. Minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu huishi ndani ya mishipa ya limfu na kuidhoofisha, maji yanakosa pa kwenda, mguu unavimba.

Kapilari zenyewe zikiziba, madhara huja haraka zaidi. Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu hubadilika umbo na kuwa ngumu, zikashindwa kujikunja. Hukwama, na sehemu iliyo mbele hukosa oksijeni. Ndiyo maana maumivu yake ya mifupa ni makali kiasi kile, na si haki kumwambia mgonjwa wa selimundu kwamba anadeka. Malaria iliyopanda kichwani nayo inahusu kapilari. Chembe zenye vimelea vya Plasmodium falciparum hunata kwenye kuta za vishipa vya ubongo. Moyo unapiga, damu ipo, ila haipiti inavyotakiwa. Mtoto mwenye homa akipata degedege au akipoteza fahamu, apelekwe hospitali saa ileile, asingojeshwe kwa mganga.

Unaweza kuona kapilari zikijaa bila hadubini. Bonyeza ukucha wa kidole kwa sekunde chache mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Kwa kawaida wekundu hurudi ndani ya sekunde 2. Wauguzi hufanya hivyo kwa mtoto anayeharisha sana au aliyelegea: rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mikono yake ni ya baridi, damu haifiki vizuri kwenye kapilari na mtoto anahitaji matibabu ya dharura.