Baada ya kiharusi, asiyepaliwa naye apimwe

Ndugu wanaouguza mgonjwa wa kiharusi hutuambia sisi wahudumu wa afya kwa furaha: "Sasa hapaliwi tena, chai anakunywa kimya." Habari hiyo hutufanya tumwendee mgonjwa haraka, kwa kuwa huenda bado chakula kinapotea njia, ila kikohozi ndicho kimeshindwa kazi.

Tunapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa muda mfupi ili tonge lishuke kwenye umio, yaani njia ya chakula. Kiharusi huweza kuvuruga mpangilio huo. Tone likipotea njia, kikohozi ndicho hulirudisha, na kukohoa ni kazi nzito: kuvuta pumzi ya kutosha, kufunga nyuzi za sauti ili presha ijae kifuani, kisha misuli ya tumbo na mbavu kuisukuma hewa nje kwa kishindo. Aliyepooza mkono na mguu mara nyingi ana udhaifu hata katika misuli hiyo, japo hauonekani. Wengine hupoteza hisia za koo kabisa. Chakula huingia mapafuni na mwili haushtuki. Hapo nimonia huanza, nayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo katika wiki za kwanza.

Kwa hiyo mgonjwa asipewe chochote mdomoni, hata kidonge au kijiko cha maji, kabla ya kupimwa umezaji. Najua inauma kumwona mzazi ana kiu. Lakini maji, chai na uji mwepesi, tunavyoviita chakula cha mgonjwa, ndivyo hatari zaidi, kwa kuwa hukimbia kooni kabla njia ya hewa haijafungwa. Chakula kiwe kizito au chepesi kiasi gani, apange mtaalamu.

Akiruhusiwa kula, akae wima, apewe kidogo kidogo, na asilazwe hadi ipite nusu saa. Kagua shavu la upande uliopooza. Chakula hujificha humo. Msugue meno na ulimi kila siku, hata kama halishwi kwa mdomo, maana mate yenye bakteria nayo hushuka mapafuni. Sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, akipata homa au akihema harakaharaka, acha kumlisha na umwite muuguzi. Kama yuko nyumbani, mpeleke hospitali.

Mpira wa kulishia puani usiwatishe. Familia nyingi huuona kama dalili ya kukata tamaa, ilhali wagonjwa wengi hurudi kumeza ndani ya wiki chache, na mpira hutolewa.