Hata Berthelot aliamini hivyo

Juzi nimesahihisha tena ripoti za maabara ya kemia za wanafunzi wangu, na sentensi ni ileile: "Mmenyuko umetokea wenyewe kwa sababu unatoa joto." Kalamu nyekundu inaniishia kwa kosa hili moja!

Historia ya kupima joto nitaipitia mbiombio. Wanasayansi Lavoisier na Laplace, Paris, majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, walipima joto kwa kalorimita, yaani chombo cha kupimia joto, kwa kupima uzito wa maji ya barafu iliyoyeyuka ndani yake. Hata simbilisi waliwekwa humo. Mwaka 1840, mkemia Hess kule St Petersburg akatangaza kwamba kutoka vitu vya mwanzo hadi zao la mwisho, upite njia fupi au ndefu, jumla ya joto ni ileile. Hapo kalorimita haikumdanganya mtu.

Matata yalianza watu walipotaka joto lijibu swali jingine: kwa nini vitu vinaungana? Mkemia Thomsen wa Copenhagen, mwaka 1854, alilifanya joto kipimo cha hamu ya vitu kuungana. Berthelot, mkemia wa Kifaransa, naye akaja na "kanuni ya kazi ya juu kabisa": mmenyuko usiosaidiwa na nishati ya nje huelekea kwenye zao linalotoa joto jingi kuliko yote.

Sasa wapo wajuaji wanaosema maskini Berthelot hakuwahi kuona mmenyuko unaopoza chombo. Hapo ndipo ninapokereka hasa. Mtu aliyetumia maisha yake kupima joto, akabuni kalorimita ya bomu (chombo kilichofungwa cha kuchomea vitu na kupima joto lao) mwaka 1881, asione? Aliona. Ila kila kisa kilichompinga alikipa udhuru: hili ni badiliko la kimaumbile, si la kikemia, lile limepata nishati kutoka nje. Kama mganga ambaye dawa yake haikosei kamwe, ni wewe tu uliyevunja mwiko.

Changanya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa majini na sodiamu baikaboneti. Povu linafoka, kaboni dioksidi inatoka, na kikombe kinapoa mkononi mwako. Hakuna aliyeusukuma mmenyuko huo. Kilichokosekana kwenye hesabu ni entropia, yaani kipimo cha jinsi nishati na vitu vinavyotawanyika. Mwanasayansi Gibbs aliiweka mahali pake kati ya 1876 na 1878, na mwenzake Helmholtz akafuata mwaka 1882 na nishati huru, yaani hesabu inayochanganya joto na entropia kuonyesha mmenyuko utaelekea wapi.

Kwa haki, kanuni ya Berthelot inapatia mara nyingi. Entropia huzidishwa na halijoto, na kwenye halijoto ya chumba fungu hilo huwa dogo mbele ya joto la mmenyuko. Teremka karibu na sifuri kamili, yaani halijoto ya chini kabisa iwezekanayo, na Berthelot anakaribia kuwa sahihi. Kwa hiyo mwanafunzi wangu ana bahati mbaya ya kuzaliwa kwenye joto la nyuzi 25.

Na nikiri jambo. Mbolea ya urea ukiiyeyusha kwenye ndoo, maji yanakuwa baridi, nami hupenda kuitumia darasani kama mfano. Berthelot angeniambia huko ni kuyeyuka tu, si kemia. Kila mwaka najiandaa kumjibu, na kila mwaka mpaka ninaouchora kati ya mambo hayo mawili unaangukia mahali pengine.