Bamvua ni nini, na kwa nini maji hupwa asubuhi

Bamvua ni kipindi cha siku chache, mara mbili katika kila mwezi mwandamo, ambapo bahari hujaa kupita kawaida na pia hupwa kupita kawaida. Hayo mawili huenda pamoja. Wengi hukosea hapo. Mtu akisikia bamvua huwaza maji mengi tu, maji yaliyopanda mpaka kwenye mizizi ya minazi. Ni kweli yamepanda. Lakini baada ya saa sita hivi bahari hiyo hiyo imekwenda zake mbali, ngalawa zimelala ubavu mchangani, na miamba ambayo wiki nzima haikuonekana iko wazi, inang'aa majani. Kinyume cha bamvua ni maji mafu: bahari hujaa kidogo, hupwa kidogo, na mvuvi wa miguu hana la kufanya pwani.

Nafundisha jiografia kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi mkoani Tanga. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, ili mtu mzima apate ufundi na elimu bila kuambiwa kwamba wakati wake umepita. Siku hizi, kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, wanakuja pia wasichana na mama vijana waliokatisha sekondari; wanasoma masomo ya kidato na kujifunza kazi ya mikono humo humo. Vitabu vyao vya jiografia ni vya Kiingereza, na humo bamvua imepewa jina la "spring tide", na "spring" kwa Kiingereza ni jina la majira ya machipuko pia. Basi nikisahihisha madaftari nakuta imeandikwa: "Hutokea kuanzia Machi hadi Mei." Jina lile halihusiani na majira hata kidogo, linatokana na kuchupa, maji kuruka juu. Linaloniumiza ni kwamba aliyeandika jibu hilo kazaliwa Kigombe, kijiji cha pwani mkoani humu, na bibi yake hajawahi kukosea siku ya bamvua hata mara moja. Neno analo, maarifa anayo, ila hakujua kwamba ndiyo yanayoulizwa.

Kwa hiyo siku hizi naanza na neno lenyewe, kisha lugha ya kwao. Pwani ni mahali panapokupwa. Sisi watu wa mwambao tumejiita kwa jina la maji yanapoondoka. Chombo kikiachwa na maji juu ya fungu la mchanga tunasema kimepwelewa. Mtu ambaye lugha yake ina neno maalumu la kuachwa na maji hawezi kuwa mgeni wa somo hili.

Sasa sababu. Mwezi unaivuta dunia, na kitu kilicho karibu zaidi na mwezi huvutwa zaidi. Maji ya upande unaoutazama mwezi huvutwa kuliko dunia yenyewe, basi yanavimba kuuelekea. Hilo kila mtu hulikubali. Swali gumu ni la upande wa pili, ule uliougeuzia mwezi mgongo: kwa nini na huko maji huvimba wakati huo huo? Nawasimamisha wanafunzi watatu uwanjani kwa mstari. Wa mbele nampa aende mbio, wa katikati atembee upesi, wa nyuma ajikokote. Wote wanaelekea upande mmoja, kwenye mwembe. Baada ya hatua kumi namuuliza wa katikati anaona nini. Wa mbele amemwacha, na wa nyuma naye yuko mbali kuliko mwanzo. Wa mbele ni maji yaliyo karibu na mwezi, wa katikati ni dunia, wa nyuma ni maji ya upande wa mbali. Hakuna aliyemsukuma yule wa nyuma. Amevutwa kidogo tu kuliko wenzake, basi amebaki. Ndiyo maana kuna vimbe mbili, na dunia inapojizungusha Tanga hupita kwenye zote mbili. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku.

Siku hiyo, kwa hesabu ya mwezi, si ya saa 24. Dunia inapomaliza mzunguko wake mwezi nao umesogea mbele katika njia yake, na dunia huhitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia. Kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Mchuuzi wa samaki anayengoja vyombo vya kupanda na maji anaijua dakika 50 hii kwa miguu yake, hata kama hajaiandika popote.

Jua nalo huvuta. Ni kubwa mno, lakini liko mbali mno, na kinachoinua maji si ukubwa wa mvutano peke yake, ni tofauti ya mvutano kati ya upande wa karibu na upande wa mbali. Kwa umbali ule tofauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo kazi ya jua juu ya bahari haifiki nusu ya kazi ya mwezi. Bado si haba. Mwezi unapoandama, jua na mwezi wako upande mmoja. Unapokuwa mpevu, dunia iko katikati yao. Katika hali zote mbili wamekaa mstari mmoja na nguvu zao zinajumlishwa. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kwa pembe mraba na mwezi, moja linapunguza kazi ya mwenzake, na tunapata maji mafu. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni kama siku 15. Maji makubwa kabisa huwa hayaji usiku wenyewe wa mwezi mpevu, huchelewa siku moja au mbili, maana bahari ni nzito na haitii amri papo hapo. Ndiyo maana wazee huhesabu bamvua mpaka mwezi 16, mwezi 17, yaani siku ya 16 na ya 17 ya mwezi mwandamo, wala hawakosei.

Kwenye pwani yetu bamvua huweka tofauti ya mita 3 na zaidi kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa. Wakati wa maji mafu tofauti hushuka mpaka kama mita 1. Bamvua za karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, huwa kubwa zaidi. Ghuba ya Fundy huko Kanada hufika kama mita 16 kwa sababu ya umbo la ghuba yenyewe, lakini mita 3 kwenye ufuko wenye mteremko mdogo kama wa kwetu ni mamia ya hatua za mchanga. Mwanafunzi mmoja aliyekulia Mwanza aliwahi kuniuliza mbona ziwa lao halipwi. Linapwa, kwa kipimo kidogo sana ambacho upepo wa jioni unakifuta. Ziwa ni dogo mno kwa kazi hii.

Kuna jambo moja ambalo kitabu hakilisemi na kila mvuvi wa pweza wa mkoa huu analijua: bamvua ya kwetu hupwa asubuhi. Mwaka nenda mwaka rudi, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari hufika chini kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na tena usiku saa kama hizo. Kujaa huwa alfajiri na jioni, saa 10 hivi kwenda mbele. Haitokei bamvua ikapwa saa 10 jioni. Darasa zima liliafiki, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini.

Jibu lake ni zuri. Saa tunazozivaa zinafuata jua. Siku ya bamvua mwezi uko sambamba na jua, au umekabiliana nalo moja kwa moja, kwa hiyo siku hiyo saa ya jua na saa ya mwezi zinasema jambo moja. Mwezi ukipita utosini adhuhuri au usiku wa manane, maji ya Tanga hujaa kama saa nne baada ya hapo. Mabara na kina cha bahari ndivyo vinavyoyachelewesha, na kila bandari ina ucheleweshaji wake. Adhuhuri na saa nne ni saa 10 jioni. Toa saa sita na kidogo, unapata maji yaliyokupwa asubuhi. Mji mwingine wa dunia bamvua yake itakupwa alfajiri au magharibi, lakini nao kila mara ni saa zile zile.

Bahati hiyo imejenga maisha hapa. Maji yakipwa saa 4 asubuhi mama ameshapeleka mtoto shule, anachukua mchokoo na ndoo, anashuka mwambani kuchokoa pweza kwenye mwanga mzuri. Fundi wa vyombo hungoja kilele cha bamvua apandishe jahazi juu kabisa ya ufuko. Maji mafu yakija hayamfikii, naye anapata wiki ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, chini pakavu. Akikosea siku atapwelewa pasipofaa, au maji yatamkuta pamba iko nusu ndani ya nyufa.

Na kuna la hatari, ambalo nalirudia kila mwaka. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda kidogo sana, mtu hata hashtuki. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia: karibu nusu ya kimo chote huingia katika saa hizo mbili. Kwa bamvua ni kama mita moja na nusu, yaani mpaka shingoni mwa mtu mzima. Anayevua kwenye fungu lililotengwa na ufuko kwa mkondo huona magoti yake hayajalowa, kumbe mkondo nyuma yake umeshajaa. Mtoto asiachwe huko akingoja maji yamfike ndipo arudi.

Tsunami si bamvua, ingawa watu huzichanganya. Ile ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyofika mpaka pwani yetu, ilitokana na tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra. Mwezi ulikuwa mpevu siku hiyo, lakini haukuhusika.

Mwaka huu nilitoa swali la mwisho la mada bila kufungua kitabu. Nikamuuliza yule mama kijana wa Kigombe: leo ni mwezi 16, ungekuwa nyumbani ungeshuka mwambani saa ngapi?

"Saa 4 ningekuwa nimeshashuka, mwalimu. Maji yatafika mwisho saa 5 kasoro, na saa 6 na nusu natoka."

"Na mwezi 22?"

"Mwezi 22 siendi. Asubuhi yamejaa, jioni hata yakipwa mwamba hautoki."

Nikamwambia achore sasa jua, dunia na mwezi kwa siku zote mbili. Alichukua chaki akachora mstari mmoja ulionyooka, kisha pembe mraba, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: BAMVUA, MAJI MAFU.